Adui Mwenye Hoja: Vita vya X-Men na Mutanti Waovu

Hadithi za picha hazipewi kiti katika baraza la wasomi. Huhesabiwa kuwa mchezo wa watoto, na mtu mzima akikutwa nazo mkononi huona haya, akazikunja na kuzificha. Walakini kazi ya mhakiki si kuulizia ukoo wa kitabu, bali ni kuyapima yaliyomo. Utamu wa dafu haujulikani kwa kutazama makumbi yake. Katika insha hii nataka kuipima hadithi moja ya namna hiyo, iliyozaliwa Marekani, nayo ni hadithi ya X-Men. Naja na dai moja tu: kwamba thamani ya hadithi ya vita hukaa kwa adui kuliko kwa shujaa. Shujaa asiyepambana na hoja hupambana na kivuli, na kushinda kivuli si ushindi.

Yafaa kwanza kueleza msingi wa hadithi kwa ajili ya msomaji asiyeijua. Toleo la kwanza la X-Men lilitolewa na kampuni ya Marvel likiwa na tarehe ya Septemba 1963. Mtungaji wake alikuwa Stan Lee, na mchoraji Jack Kirby. Humo twaambiwa kwamba baadhi ya wanadamu huzaliwa na badiliko katika urithi wa mwili, nalo badiliko hilo huwapa uwezo usio wa kawaida. Watu hao huitwa mutanti. Mmoja wao, Profesa Charles Xavier, asomaye mawazo ya watu, amefungua shule katika jimbo la New York, na wanafunzi wake wa kwanza ni watano: Cyclops, ambaye macho yake hutoa mwali wa kuvunja miamba, Beast, mwenye wepesi wa nyani na akili ya mwanachuoni, Angel, mwenye mabawa, Iceman, agandishaye hewa ikawa barafu, na Marvel Girl, ahamishaye vitu kwa nia tu. Vijana hawa hufunzwa kuwalinda wanadamu, na kadiri matoleo yanavyoendelea ndivyo wanadamu wanavyozidi kuwaogopa na kuwachukia. Hapo pana kitendawili chema: mlinzi achukiwaye na amlindaye.

Adui wao mkuu ni Magneto, bwana wa nguvu za sumaku. Katika toleo la kwanza anaiteka ngome ya makombora iitwayo Cape Citadel, na vijana watano wanamtoa. Vita hivyo vimechorwa kwa nguvu; Kirby alijua kuufanya mstari uende mbio. Lakini tukiuliza sababu, jibu ni jembamba: Magneto ataka mutanti watawale, basi. Katika toleo la 4, la Machi 1964, anarudi na kundi lililojiita Udugu wa Mutanti Waovu. Jina hili latosha kuonyesha udhaifu wa hadithi katika siku zake za awali. Ni nani duniani ajiitaye mwovu? Dhalimu hujiita mkombozi, na mwizi hujiita mwenye haki yake. Adui ajitangazaye uovu ameondolewa hoja yake kabla ya kufungua kinywa, na msomaji ameondolewa kazi ya kuhukumu.

Hata hivyo, ndani ya toleo hilo hilo imo mbegu ambayo yamkini watungaji wenyewe hawakuijua ukubwa wake. Wawili katika Udugu, Quicksilver na dada yake Scarlet Witch, hawaupendi uovu. Wamefungwa na deni. Scarlet Witch alipotaka kuuawa na wanakijiji kwa sababu ya uwezo wake, Magneto ndiye aliyemwokoa. Basi tuulize: siku ile alipozingirwa na umati, Xavier alikuwa wapi? Mwema alikuwa shuleni akifundisha subira, na mwovu ndiye aliyefika. Swali hili halikujibiwa mwaka 1964, nalo ndilo swali ambalo hadithi nzima ingekuja kulijibu baadaye.

Hatua ya pili ilikuwa toleo la 14, la Novemba 1965. Bwana mmoja aitwaye Bolivar Trask anawatangazia watu kuwa mutanti watawafanya wanadamu watumwa, kisha anawaonyesha mashine kubwa zenye umbo la watu, zilizoundwa kuwawinda. Mashine zinamgeuka, kwa kuwa zimefikiri kwamba njia ya kuwalinda wanadamu ni kuwatawala. Kwa mara hii hatari haikutoka kwa mutanti, bali kwa hofu ya aliye salama. Trask mwenyewe anatambua kosa lake, na kulisahihisha kunamgharimu roho.

Baadaye hadithi ililegea, na tangu 1970 hadi 1975 yalichapishwa marudio tu. Chris Claremont alipoishika kalamu mwaka 1975 alikaa nayo hadi 1991, na ni yeye aliyempa Magneto ulimi. Katika toleo la 150, la Oktoba 1981, Magneto anayataka mataifa yaachane na silaha zao za nyuklia. Katika mapigano anampiga Kitty Pryde, binti mdogo aliye katika kundi la Xavier, akadhani amemuua. Anasimama ameshika mwili wake, na hapo tunapata kujua kwamba mtu huyu alipokuwa mtoto alipita katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Neno lake kwamba wanadamu watawaangamiza mutanti si kisingizio cha mpenda enzi tena; ni ushahidi wa mtu aliyekwisha kuona. Na msiba wake ni kwamba amekaribia kuwa kama wale waliomtenda. Katika toleo la 200, la Desemba 1985, anashtakiwa mbele ya mahakama mjini Paris, na mwisho anaachiwa shule ya Xavier aiongoze. Adui wa 1963 amekuwa mwalimu. Hakushindwa kwa mwali wa macho. Alishindwa na kilio chake mwenyewe.

Nimesifu, sasa sina budi kulaumu. Watu wengi husema kwamba X-Men ni fumbo la watu wanaoonewa kwa sababu ya rangi au dini zao. Fumbo hili lachechemea. Mtu anyimwaye kiti kwa rangi yake hana mwali wa kuvunja mlima. Hofu ya amchukiaye haina msingi wowote. Cyclops anao mwali huo. Amwogopaye huenda akawa dhalimu, lakini si mwendawazimu. Tukilishika fumbo hili bila hadhari, twaweza kudhani kwamba kila aonewaye ana hatari iliyofichika, na hilo ndilo neno ambalo waonevu wamelitumia siku zote.

Naona fumbo lingine lafaa zaidi, nalo twalijua kwetu. Fumo Liyongo hakuchukiwa kwa udhaifu wake. Utenzi wake, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wasimulia habari ya mtu aliyeogopwa na mtawala wa Pate kwa sababu ya nguvu zake, akafungwa, akatoroka, na mwisho akauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba. Alikufa amepiga magoti kisimani na upinde mkononi, na watu hawakuthubutu kuchota maji kwa kumdhania hai. Huu ndio mzani sahihi wa kuwapimia X-Men: je, jamii itafanya nini na mtu aliyeizidi nguvu? Mji wa Liyongo ulijibu kwa sindano. Trask alijibu kwa mashine. Xavier alijibu kwa shule. Kwa mzani huu hadithi ya Marekani haichechemei tena; yasimama wima.

Limebaki jambo moja litugusalo sisi wenyewe. Mwaka 1975, katika toleo maalumu lililotungwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, Xavier anakwenda Kenya kumtafuta Ororo, aitwaye Storm, mwanamke aamrishaye mvua na upepo. Wenyeji wanamwabudu kama mungu, naye Xavier anamwambia kuwa yeye si mungu bali ni mutanti. Baadaye Ororo akawa kiongozi wa kundi, na ni mmoja wa watu waliochongwa vizuri kuliko wote. Lakini wanakijiji wale hawana jina, hawana hoja. Kazi yao ni kupiga magoti. Mtungaji angaliuliza, angaliambiwa kwamba kule Bunyore ukoo wa Nganyi wajulikana kwa kazi ya mvua, na mwenye kazi hiyo haabudiwi. Ni mtu kati ya watu. Uwezo usio wa kawaida na uwajibikaji kwa jirani, jambo ambalo Xavier alidhani amelileta yeye Kenya, lilikuwako kabla yake. Hata jina la Ororo lingalimfunza: kwa Kiswahili kilicho chororo ni laini, na yeye ndiye mwenye radi. Hapo palikuwa na shairi zima, likapitwa.

Basi nisemeje kwa ufupi? Hadithi hii ilianza kwa vita visivyo na swali, ikakua pale ilipomkubalia adui kusema, na ikapunguka kila ilipowanyima wengine ruhusa hiyo hiyo. Magneto alipewa ulimi baada ya miaka 18; wanakijiji wa Ororo, katika toleo lile, hawakupewa. Mwanafunzi atakaye kutunga hadithi ya mashujaa, ya picha au ya maneno, na aanze kwa kumsikiliza yule ambaye shujaa wake atampiga. Akikuta kwamba hana la kusema, na aiweke kalamu chini kwanza, amtafute adui mwingine.