Ufundi wa Kumwacha Mtu Aonekane

Larry Brown alikuwa askari wa zimamoto kabla hajawa mwandishi. Aliingia kikosi cha zimamoto cha Oxford, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, mwaka 1973, akapanda hadi cheo cha kapteni, na mwaka 1990 akaacha kazi ili aishi kwa kalamu. Katikati ya miaka hiyo umelala uanagenzi ambao leo wachache wana hamu ya kuusikia. Mwaka 1980 aliketi mbele ya taipureta ya mkewe akaanza riwaya kuhusu dubu mla watu katika mbuga ya Yellowstone, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Hakuna mchapishaji aliyeitaka. Akaandika nyingine, nayo ikakataliwa. Hadithi fupi zilikwenda kwa posta na kurudi kwa posta. Muswada mmoja mzima wa riwaya aliutia moto nyuma ya nyumba yake. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka mwaka 1982, katika jarida la waendesha pikipiki, na kitabu chake cha kwanza, mkusanyiko uitwao Facing the Music, hakikutoka mpaka mwaka 1988. Na huyu ni mtu aliyefeli somo la Kiingereza mwaka wake wa mwisho wa sekondari.

Nayataja haya kwa sababu wanaovisoma vitabu vyake siku hizi huvitolea hukumu kwa dakika mbili. Nakala yangu ya Joe, riwaya yake ya mwaka 1991, imezunguka kwa ndugu na marafiki hadi jalada limelegea, na inaporudi huja na maneno yake. "Shemeji, humu hamna hata mtu mmoja wa kumpenda," aliniambia mmoja, akakiweka kitabu juu ya meza kwa ncha za vidole. Mwingine alilalamika kwamba kurasa nyingi mno ni za mwanamume anayeendesha pikapu huku anakunywa bia. Wapo waliouliza kwa nini mwandishi hamwambii msomaji wazi kwamba Joe ni mtu mwema au mtu mbaya, maana wamemfuata kitabu kizima na bado hawajui wamweke wapi.

Malalamiko hayo yote, ukiyasikiliza vizuri, yanaelekea kwenye jambo lile lile ambalo mimi naona ndilo ufundi wake.

Joe Ransom amewahi kufungwa jela. Ni mlevi, mcheza kamari, ameachana na mkewe, na hasira zake ziko karibu. Kazi yake ni kuongoza kikundi cha vibarua wanaoingia msituni kuua miti. Kampuni ya mbao inataka miti ya asili iondoke ili ipande misonobari, inayokua haraka na kuleta fedha haraka. Vibarua hupita mti kwa mti na kifaa chenye ncha ya chuma, wanachoma gome na kuusukumia mti sumu ndani, kisha wanakwenda kwenye mwingine. Mti hauanguki. Unabaki umesimama na majani yake, na mtu apitaye barabarani hatajua kwamba umekwisha kuuawa. Brown aliijua kazi hiyo kwa mikono yake. Mshahara wa zimamoto haukutosha kulea watoto, kwa hiyo siku ambazo hakuwa kituoni alifanya vibarua vya kila namna, na hicho kilikuwa kimoja.

Katika msitu huo ndipo anapoingia Gary, kijana wa miaka kama 15 ambaye hana hakika na umri wake mwenyewe na hajui kusoma. Familia yake imefika kwa miguu, ikitembea kando ya barabara kwenye jua kali, ikajibanza katika nyumba iliyoachwa porini. Baba yake, Wade, ni mmoja wa watu waovu kabisa niliowahi kukutana nao katika maandishi. Gary anaomba kazi. Joe anampa. Kijana anafanya kazi kama mtu aliyekuwa akiingoja maisha yake yote, na baba yake anamvizia ujira wake.

Tazama sasa anachofanya Brown. Hasemi kwamba Joe amemwonea kijana huruma. Hasemi kwamba Joe ameona ndani ya Gary mtoto aliyetamani kuwa naye. Anaandika mikono: nani ameshika kifaa vipi, nani amechoka, nani ametoa noti ngapi mfukoni, nani amempa nani bia baridi, nani amekaa kivulini wenzake wakifanya kazi. Mkono unaoua mti ulio hai kwa malipo ndio huo huo unaomwonyesha kijana asiye na mtu namna ya kufanya kazi na kulipwa kwa haki. Mwandishi ameviweka vitu hivyo viwili kwenye ukurasa mmoja akaondoka. Hakuacha neno la kukuelekeza. Wengi wanaona huko ni kutojali kwa mwandishi. Mimi naona ni heshima kubwa mno kwa msomaji, na ni kazi ngumu kuliko kueleza. Yeyote aliyewahi kujaribu kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo anajua jinsi mkono unavyowasha kutaka kuongeza sentensi moja tu ya ufafanuzi.

Naamini alijifunza hilo kazini. Zimamoto akifika mlangoni hasimami kuuliza ni nani aliyelala na sigara mkononi, anaingia. Mwaka 1994 Brown alitoa kitabu cha kumbukumbu kiitwacho On Fire, na humo watu waliobanwa ndani ya magari yaliyogongana na watu waliounguza nyumba zao wenyewe wanasimuliwa kwa uangalifu ule ule, mlevi na asiye mlevi. Hakuna anayepewa somo. Mtu aliyeishi miaka kumi na saba akiitwa usiku kwenye saa mbaya kuliko zote za maisha ya wengine hana sababu ya kupaza sauti.

Sisi tuliolelewa na riwaya za upelelezi za Kiswahili tuna mazoea mengine, na sioni aibu juu yake. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla alitufundisha kungoja fumbo lifumbuliwe. Willy Gamba wa Elvis Musiba alitufundisha kwamba mwovu atafikiwa tu, hata akikimbia. Ni ufundi kamili, una heshima yake. Lakini anayefungua Father and Son, riwaya ya Brown ya mwaka 1996, akingoja fumbo atachoka. Glen Davis anatoka gereza la Parchman, lile gereza la mashamba makubwa katika bonde tambarare la Mississippi, baada ya kifungo cha miaka mitatu kwa kumgonga mtoto na gari akiwa amelewa. Ni mwaka 1968. Kabla ya siku mbili kupita ameshaua tena, na msomaji anajua ni yeye. Sherifu wa hapo, Bobby Blanchard, anampenda Jewel, mama wa mtoto wa Glen. Baba yake Glen, Virgil, ni askari mzee wa Vita vya Pili vya Dunia aliyebaki na majeraha na chupa. Hakuna cha kukisia. Kilichobaki ni kuwatazama watu hawa wakiishi pamoja katika joto la kiangazi, kila mmoja akijua la mwenzake zaidi ya anavyokubali kusema, hadi mambo yanapofika mahali ambapo hayawezi kurudi.

Hapo napo nimesikia watu wakisema Glen hana hata chembe ya wema, na kwamba mwandishi alipaswa kumpa. Sikubali. Brown anampa kitu kigumu zaidi: anatuingiza ndani ya kichwa chake na kutuacha humo, tusikie jinsi anavyojihesabia haki, jinsi kila kosa lake linavyogeuka kuwa kosa la baba. Nilipokisoma nilitambua baadhi ya sababu hizo. Nimezisikia zikisemwa na watu ninaowafahamu, watu ambao hawajaua mtu.

Kuna lawama moja ambayo naikubali. Hizi riwaya za Kusini mwa Marekani, kwa sehemu kubwa, zimekaa ndani ya nyumba za Wazungu maskini, ilhali Mississippi ya 1968 ilikuwa nchi ya watu weusi pia, na Martin Luther King aliuawa mwaka huo huo Memphis, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka Oxford. Msomaji mweusi akiuliza sisi tuko wapi katika kitabu hiki, ana haki ya kuuliza kwa sauti. Wengine wamejibu kwa kazi. Attica Locke alitwaa barabara kuu ya Texas Mashariki katika Bluebird, Bluebird ya mwaka 2017. S. A. Cosby, mtoto wa Virginia, alimweka sherifu mweusi wa kwanza wa kaunti katikati ya All the Sinners Bleed ya mwaka 2023. Cosby ana kasi ambayo Brown hakuwa nayo wala hakuitaka, na vitabu vyake vinasomwa na watu wengi zaidi. Nafurahi. Ila hata kwake naona, hapa na pale, sentensi inayosimama kunieleza nilichokwisha kukiona, na najiuliza kama ni yeye aliyeitaka au ni soko.

Maana soko limebadilika, na sisi wasomaji ndio soko. Kitabu kilichomgharimu mtu miaka minane ya kukataliwa kinapewa nyota mbili kwa sababu mhusika hakupendeza. Anayeanza kuandika leo huitangaza sura ya kwanza usiku ule ule alioimaliza, na kufikia asubuhi ameshapata wa kumsifu. Nani atauchoma muswada nyuma ya nyumba? Nani atakaa na sentensi mbaya hadi aone ubaya wake bila kuambiwa? Uanagenzi ule haukuwa wa chuo. Brown alisoma darasa moja la uandishi katika chuo kikuu cha Mississippi, chini ya mwandishi Ellen Douglas, aliyemtajia vitabu vya kusoma. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe, usiku, kati ya zamu na zamu.

Alipopata nafasi alijijengea kibanda cha kuandikia kando ya bwawa, kijijini Tula, kwa mikono yake mwenyewe. Ameandika insha nzima juu ya ujenzi huo, imo katika Billy Ray's Farm ya mwaka 2001, na ni katika maandishi ninayoyapenda kuliko mengi ya riwaya zake. Anapima, anapandisha mbao, mvua inamkatiza, anarudi. Hana haraka hata kidogo. Ukiisoma unaelewa kwamba aliandika riwaya kwa namna ile ile, na kwamba furaha yake ilikuwa humo katika kufanya, kabla hajaja msomaji yeyote na maoni yake.

Alifariki kwa mshtuko wa moyo mwezi Novemba 2004, akazikwa hapo hapo Tula. Waandishi wenzake wa Kusini nao wameondoka. Barry Hannah alimfuata mwaka 2010. Harry Crews wa Georgia na William Gay wa Tennessee, ambaye aliishi kwa kazi ya ujenzi na kupaka rangi nyumba kabla mtu hajalijua jina lake, walifariki mwaka mmoja, 2012. Dorothy Allison alikwenda mwaka 2024. Wengi wao walikuwa watoto wa nyumba maskini, waliofika kwenye uandishi kwa njia ndefu.

Brown aliacha riwaya nusu, A Miracle of Catfish. Mhariri wake wa siku zote, Shannon Ravenel, aliupunguza muswada, kisha ukachapishwa mwaka 2007 kama ulivyokatikia. Mwishoni yamewekwa maelezo mafupi ya Brown kuhusu yale aliyokusudia kuyaandika katika sura zilizobaki. Wapo wanaolalamika kwamba wameuziwa kitabu kisichokwisha. Mimi namshukuru mhariri kwa kuuzuia mkono wake, maana lingekuwa jambo jepesi kumtafuta kijana hodari akimalizie kwa miezi michache, sentensi zikafanana na zake, na wengi wetu tusingegundua. Nimekisoma zaidi ya mara moja, nikijua vyema kinakatika wapi, na kila nikifika pale nakasirika upya kwamba alikufa akiwa na miaka 53.