Kabare la Muhuta: Chombo Ndicho Kilichochora Nyumba

Katika barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, nchini Burundi, ukifika Muhuta milima inakaribia kugusa Ziwa Tanganyika, na makabare, yaani baa ndogo za kienyeji, yamejibana kwenye ukanda mwembamba kati ya lami na maji. Wengi huyaona kuwa vibanda vya kubahatisha. Hoja yangu ni kwamba kabare lina ramani yenye mantiki, na aliyeichora ni chombo cha kunywea. Tuanze na urwarwa, pombe ya ndizi. Ndizi huvundikwa shimoni siku kadhaa, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachachuke siku moja hadi tatu. Zikipita siku chache, pombe inageuka siki. Kinywaji kisichowekeka hakidai ghala. Kinadai chungu katikati, mirija, na watu waliokizunguka. Ua wenye kivuli ulitosha, na mwenye pombe aliketi na wanywaji wake.

Mwaka 1955 kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa Bujumbura, enzi hizo Usumbura. Chupa ya bia yake ya Primus ya sentilita 72 ina tabia nyingine: inakaa muda mrefu, inabebwa kwa kreti, ina bei yake peke yake, na ikiwa tupu lazima irudi. Ndiyo maana kabare likapata chumba cha kufuli, friji, kaunta yenye nondo na meza ndogondogo. Mduara ukavunjika, muuzaji akahamia nyuma ya kaunta. Uingereza nako, mvumbuzi Joseph Bramah aliposajili pampu ya bia mwaka 1797, alifungua njia ya bia kupandishwa kutoka chini ya nyumba hadi kaunta, na kaunta ikawa moyo wa baa.

Watakaopinga watasema kilichochora kabare ni mabati au joto. Lakini makanisa na shule pia ziliezekwa kwa mabati, na humo hamkuota kaunta ya nondo. Joto nalo lilikuwapo kabla ya chupa. Linaeleza kuta zilizo wazi upande wa ziwa, halielezi mpangilio wa viti.

Ramani hii sasa iko hatarini: mwaka 2015 maporomoko ya ardhi yalibomoa nyumba Gitaza, hapo hapo Muhuta, na tangu 2020 ziwa limepanda na kuingia majumbani ufukweni. Wasanifu na wanafunzi wa Burundi, pimeni na kuchora makabare haya sasa, kabla hayajahamishwa.