Bonde Kati ya Vijiji Viwili: Tahakiki ya Mchezo wa Redio Musekeweya

Kazi nyingi za sanaa zinazohubiri umoja huanzia mwisho wa hadithi. Vikundi hupanda jukwaani, kila kimoja na vazi lake na ngoma yake, kisha wote hushikana mikono. Watazamaji hupiga makofi, lakini hawaambiwi watu hao waligombania nini wala walipatanaje. Musekeweya, mchezo wa redio wa Kinyarwanda ulioanza kurushwa mwaka 2004 na shirika la Radio La Benevolencija, ulichagua njia nyingine. Jina lake lina maana ya mapambazuko mapya, lakini hadithi inaanza na ugomvi.

Mandhari yake ni vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyotenganishwa na bonde lenye rutuba. Serikali inawapa watu wa Bumanzi bonde hilo. Ukame unapoingia, Muhumuro wanalala njaa huku majirani zao wakivuna. Rutanagira anawachochea watu wa Muhumuro mpaka wanawashambulia wenzao. Wakati huohuo dada yake, Batamuriza, anampenda Shema, kijana wa Bumanzi. Majina ya Wahutu na Watutsi hayatajwi, ila kila msikilizaji anaelewa.

Nguvu ya fani imo katika bonde hilo. Sisi wa Gikundamvura, tunaoyajua mashamba ya mpunga ya Bugarama, hatuhitaji kufafanuliwa thamani ya ardhi ya bondeni. Kwa kuanza na shamba na njaa, mchezo unatuonyesha hatua za chuki: wivu, matusi, kisingizio, halafu panga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tunawasikia hata walioona ufa wakanyamaza. Jambo hili lina uzito wa pekee nchini mwetu, kwa sababu redio ndicho chombo ambacho RTLM ilikitumia mwaka 1993 na 1994 kueneza chuki.

Je, mchezo ulibadilisha chochote? Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja vikundi vilivyosikiliza Musekeweya na vingine vilivyosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanaonyesha kwamba imani za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyouona mwenendo unaokubalika katika jamii, pamoja na matendo yao. Mwishoni kila jamii ilipewa redio na kanda. Waliosikiliza mchezo wa afya waliafikiana upesi kwamba kiongozi azitunze. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, na baadhi yao wakataka zisimamiwe na wote. Kwa maoni yangu, ubishi huo ni ushahidi mkubwa kuliko makofi ya jukwaani.

Hata hivyo, mchezo una udhaifu. Rutanagira amebebeshwa uovu mwingi kiasi kwamba msikilizaji anaweza kujifariji kuwa wananchi walidanganywa tu. Tena vijiji hivi viwili vina lugha moja na mila moja. Sisi tunaoishi karibu na Burundi na Kongo tunakutana na majirani wa lugha, dini na historia tofauti, na heshima kati yetu inadai zaidi ya kukumbushana kwamba sote ni ndugu.

Shirika hilohilo lilitayarisha mchezo mwingine, Kumbuka Kesho, kwa wasikilizaji wa mashariki ya Kongo. Katika utafiti wa Paluck wa mwaka 2010, baadhi yao walisikiliza pia kipindi cha kuwahimiza wajadiliane baada ya mchezo. Walijadiliana zaidi, lakini walitaja manung'uniko zaidi na wakawa wazito zaidi kuwasaidia watu wasiowapenda. Basi kufungua kidonda si kukitibu. Mchezo unaoonyesha ugomvi unapaswa pia kuonyesha, hatua kwa hatua, jinsi watu wenye kinyongo wanavyogawana maji, shamba au soko bila kwanza kupendana.

Hapo ndipo penye kazi kwetu tunaosoma Kiswahili, lugha inayosikika pande zote za mpaka huu. Atakayeandika mchezo kwa ajili ya watu wa bonde la Rusizi aanze kwa kuuliza: hapa kwetu, bonde linalogombaniwa ni lipi, na nani amenyamaza?