Tangi Linaonyesha Samaki, Linaficha Maji

Pengine na wewe uliwahi kwenda ziara kama hii. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamesongamana mbele ya tangi la kioo. Mtaalamu ananyoosha kidole: huyu sato, yule sangara, hawa wadogo ni furu. Daftari zinajaa majina, picha zinapigwa, halafu huyooo, kwenye basi.

Majuzi nilisindikiza ziara ya namna hiyo hapa Mwanza. Watoto waliipenda, na mimi pia. Samaki hai anaushinda mchoro wa ubaoni mara mia. Lakini swali bora la siku ile halikujibiwa. Binti mmoja aliuliza: "Mbona maji ya humu ni masafi, na ya kule Kirumba huoni hata miguu yako?" Akaambiwa tangi lina chujio. Tukasogea.

Somo lenyewe lilikuwa hapo, tukaliacha. Kwenye Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili wa karibu sana. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, dume lake lina wekundu mgongoni. Dume la Pundamilia pundamilia lina rangi ya bluu-kijivu. Majike wao wanafanana mno, na jike humchagua dume kwa rangi. Miaka ya 1990 Ole Seehausen na mwenzake waliwajaribu kwenye akwariamu. Chini ya mwanga mweupe, jike alimfuata dume wa spishi yake. Chini ya mwanga wa rangi ya chungwa tu, unaofuta tofauti ya nyekundu na bluu, uchaguzi huo ukapotea. Ziwani nako, maji yakijaa tope na mwani, spishi hizi huanza kuchanganyika.

Yaani spishi inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kuliwa! Ila daftari nyingi nilizochungulia zilikuwa na sentensi moja tu: sangara alimaliza furu. Ni kweli sangara, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alikula furu wengi mno, hasa miaka ya 1980. Lakini hiyo ni nusu ya habari, nusu isiyomgusa mwanafunzi. Nusu ya pili inamgusa: mbolea ya shambani, majitaka ya mtaani kwao, Mto Mirongo unaokatiza mjini na kumwaga kila kitu ziwani.

Sisemi ziara zifutwe. Mwalimu, safari ijayo beba vitu vitatu: chupa ya maji ya ufukweni, picha ya rangi ya madume hao wawili, na kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa. Weka chupa kando ya tangi. Kila mwanafunzi aitazame picha kupitia plastiki, kisha muulize: ungekuwa jike, ungemchagua nani?

Halafu mwache yule binti aulize tena swali lake. Safari hii msisogee.