Njia ya Mkato Isiyo na Kibao

Nina deni la miaka mingi kwa vibonye vitatu vya kompyuta, na ndiyo maana naona ninayo haki ya kuvilaumu.

Kazi yangu ni kutafsiri. Mwenye kazi hii hawezi kukaa na ukurasa mmoja tu mbele yake. Kamusi lazima iwe karibu, daftari la maneno liwe karibu, na kikokotoo cha kuhesabia malipo (madogo, lakini lazima yahesabiwe) nacho kiwe karibu. Zote huziwasha asubuhi nikaziacha nyuma ya pazia. Nikizihitaji siendi kuzitafuta kwa kipanya. Nabana Ctrl na Alt kwa vidole viwili, nagusa K kwa kidole cha tatu, na kamusi inajitokeza.

Wazo hili si geni. Mwaka 1984 kampuni ya Borland, iliyoongozwa na Philippe Kahn, ilitoa programu iliyoitwa SideKick. Kompyuta za MS-DOS za wakati ule ziliendesha programu moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka kupiga hesabu katikati ya barua, ulifunga barua kwanza. SideKick ilijibanza ndani ya kumbukumbu, nayo kumbukumbu yenyewe ilikuwa finyu, kilobaiti 640 kwa programu zote, ikawa inasikiliza kila kibonye kinachoguswa. Ukibonyeza Ctrl na Alt pamoja, daftari, kikokotoo na kalenda vilikuwa tayari kufunguka juu ya barua yako. Ukimaliza unagusa Esc, na barua iko pale pale ulipoiachia, herufi kwa herufi.

Nathubutu kusema kwamba tangu hapo sijaona adabu iliyopita ile. Ni adabu ya mgeni anayebisha hodi, akasema lake, akaondoka bila kuhamisha kiti. Ila mgeni huyu alikuwa na choyo. Alitaka awashwe wa mwisho baada ya programu nyingine zote za namna yake, ili sikio lake liwe la kwanza kusikia. Ukiwa na programu mbili zenye tabia hiyo, ziligombea kibodi mpaka kompyuta ikaganda, na barua ikapotea na ugomvi wao.

Windows ilipokuja na kuruhusu programu nyingi kukaa pamoja, ugomvi ule ulipungua, lakini jambo jingine likaharibika. Utaratibu wake ni huu: unafungua sifa za ikoni ya programu, unaandika herufi moja katika nafasi iliyowekwa, na mashine yenyewe inatanguliza Ctrl na Alt. Ni rahisi mno. Wasichokuambia ni kwamba agizo lako limeandikwa ndani ya ikoni ile ile, na kwamba linatii tu maadamu ikoni iko kwenye eneokazi au kwenye menyu ya Start. Ifute ikoni, na agizo limekufa nayo. Programu ipo, haijaguswa. Ila vibonye havijui tena kuiita. Wala hakuna mahali ndani ya Windows panapokuonyesha orodha ya maagizo yote uliyowahi kuyatoa.

Hili nililijua kwa aibu. Ofisini tulitumia kompyuta moja na mama mmoja mpiga chapa, mtu wa makamo, anayeandika kumbukumbu za vikao. Nilikwenda likizo ya wiki mbili. Niliporudi nilibonyeza vyangu vitatu, kimya. Nikajaribu vya daftari, kimya. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi jioni ile, na hasira ikanipanda. Nikamwambia mbele ya wenzetu wote, "Mama, umeniharibia kompyuta." Akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nimefagia tu." Kweli alikuwa amefagia: eneokazi lilijaa ikoni, akaziondoa zile ambazo hakuona mtu akizigusa. Nani angeziona zikiguswa? Mimi mwenyewe nilikuwa sizigusi kamwe. Nilikuwa na vibonye.

Ilinichukua siku nzima kuelewa kilichotokea, na siku ya pili kupata ujasiri wa kumwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia.

Najua mtu atasema kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumwambia. Nakubali. Lakini chombo kinachotumiwa na watu wawili, kikaficha ahadi ya mmoja ndani ya kitu ambacho mwingine anakiona takataka, kimeundwa vibaya. Tena haiwi kwamba haiwezekani kukiunda vizuri. Kwenye Linux, mazingira ya KDE yana ukurasa mmoja unaoorodhesha njia za mkato, na ukitaka kuipa programu vibonye vilivyokwisha chukuliwa, unaonywa kwanza. Kwenye kompyuta za Apple pia orodha ipo katika mipangilio ya kibodi. Si makubwa hayo. Ni kibao tu cha kuonyesha njia inakoelekea.

Sisi ofisini hatukubadilisha mfumo. Nilichukua karatasi, nikaandika vibonye vyangu vyote na kazi zake, nikaibandika ukutani kando ya skrini. Mama aliisoma siku mbili tatu bila kusema neno. Kisha akaniomba nimfundishe, naye apate herufi ya kufungulia kumbukumbu zake. Herufi aliyoitaka ilikuwa K, ya kikao. Nilimpa. Kamusi nikaihamishia kwenye N, ya neno, nikaandika upya karatasi. Lakini mkono haukusoma karatasi hiyo: mpaka leo nikikwama katikati ya sentensi vidole vinakwenda penye K, na kinachonifungukia ni mahudhurio ya kikao cha Jumatatu.