Mnyonge Mnyongeni: Kumsikiliza Upya Remmy Ongala

Wahenga wametuachia agizo: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu hulitaja agizo hilo wanapolazimika kumsifu kwa shingo upande mtu wasiyempenda. Nami nalitaja leo kwa aibu kidogo, maana miongoni mwa waliomnyima haki mtu ninayetaka kumzungumzia, nimo. Remmy Ongala, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, hakuwahi kukosa wachezaji wala washangiliaji. Alikosa wasomaji. Sisi watunzi wa mashairi, hasa tuliolelewa na vina na mizani, tulimsikia kwa mbali kutoka kumbi za dansi, tukasema huyo ni wa miguu, tukarejea kwenye diwani zetu.

Majuma haya nimezisikiliza tena nyimbo zake mashuhuri, moja baada ya moja, kalamu mkononi, kama nisomavyo diwani: “Nalilia Mwana”, “Mnyonge Hana Haki”, “Kifo”, “Kipenda Roho”, “Sauti ya Mnyonge”, “Muziki Asili Yake Wapi”, na ile iliyozua kelele kuliko zote, “Mambo kwa Soksi”. Nimetoka na hoja moja ambayo naomba msomaji anisikilize nayo: siasa ya Remmy imo ndani ya mzaha wake. Mzaha ukiondolewa, hubaki mahubiri. Na mahubiri, hata yawe ya kweli namna gani, hayahitaji mtunzi.

Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila, bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Hapo tayari pana kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angeona haya kukibuni: msemaji mkuu wa wanyonge alipanda jukwaani kila usiku chini ya jina la mwenye mali. Muziki wenyewe aliuita “ubongo”. Jiji la Dar es Salaam huitwa Bongo kwa kuwa, wasemavyo wenyeji, huwezi kuishi humo bila kutumia akili. Kwa neno moja, basi, alitaja mahali anapoimbia, akataja na kiungo anachokiimbia. Wengi tulilicheka jina hilo, lakini hatukulifikiri.

Ili tuupime mzaha wake, yafaa tukumbuke bendi za zama zake zilikuwa za nani. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ikabadili: ikawa JUWATA, kisha OTTU. Mlimani Park ilikuwa ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Humo mlikuwa na watunzi hodari sana, na wengine walijua kufumba kama Muyaka. Lakini mtunzi anayelipwa mshahara na shirika hujifunza kulizunguka neno. Remmy hakuwa na shirika nyuma yake wala mbele yake. Alikuwa mgeni, Kiswahili chake kilinukia Kongo, nywele zake ndefu zilimtenga na wenye adabu, na hakuna ofisi iliyomtegemea aisifu. Alichokuwa nacho ni kujicheka.

Tazama alivyojiita “Sura Mbaya”. Katika mapokeo yetu mtunzi hujitapa. Hujiita malenga, shaha, bingwa, simba wa bahari. Naye mwenzake humjibu kwa majigambo makubwa zaidi. Remmy aliyageuza majigambo nje ndani. Alianza kwa kujitukana, na aliyekwisha kujitukana mwenyewe hukubakishia tusi la kumtupia. Toka hapo chini akapata ruhusa ya kusema lolote kuhusu walio juu. Hii ni mbinu ya zamani: ndiyo ya Abunuwasi, na ndiyo ya chizi wa mtaani ambaye wazee humwacha aseme kwa kuwa ni chizi. Tofauti ni kwamba Remmy hakujifanya chizi. Alijifanya mtu wa kawaida, mbaya wa sura, mtupu wa mfuko, na jambo hilo lilikuwa gumu zaidi kusamehewa.

Sasa tuutazame “Mnyonge Hana Haki”. Msomaji ayaweke maneno hayo matatu kando ya methali niliyoanza nayo. Methali yaamrisha: mpeni haki yake. Lakini yamwamrisha nani? Yamwambia mwenye nguvu, yule aliye na haki mkononi na awezaye kuitoa au kuizuia. Na kabla ya kumwambia atoe, yampa kwanza ruhusa ya kunyonga. Wimbo umeacha kuamrisha, unaarifu tu: hana. Anayesikiliza hujikuta akiikumbuka methali na kuicheka kwa uchungu, kwa kuwa amekwisha kuona baraza, foleni na mahakama ambamo wanyonge walinyongwa na hakuna aliyekumbuka nusu ya pili. Hiyo ndiyo tashtiti, nayo imepatikana kwa maneno ambayo hata mtoto huyajua.

Nyimbo hizi zilivuma katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limewaahidi wakulima na wafanyakazi kwamba nchi ni yao. Miaka ya 1980 iliwakuta kwenye foleni za sukari na sabuni. Na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti yaliyowakataza viongozi kujilimbikizia mali. Remmy hakuandika makala juu ya mageuzi hayo. Aliendelea kumwimba mnyonge yule yule, naye msikilizaji akajionea mwenyewe kwamba maazimio yamebadilika na mnyonge hajabadilika.

Nafika kwenye “Mambo kwa Soksi”, na hapa sina budi kujitaja. Wimbo huu ulihimiza matumizi ya mipira ya kiume wakati ukimwi, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983 huko Kagera, ulikuwa umeshafika kila pembe. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikataa kuupiga, na katika siku hizo Bara haikuwa na redio nyingine ya kukimbilia. Wimbo ukaenda kwa kaseti, mkono kwa mkono. Mimi nilikuwa kijana Bagamoyo, nikijifunza arudhi peke yangu kutoka kurasa za mashairi za magazeti. Jirani yetu, fundi wa majahazi, aliupiga kutwa karakanani. Nilikwenda kumwambia kwamba ule si utungo bali utovu wa adabu. Hakukasirika. Aliniuliza kama nina shairi langu lolote ambalo mwanawe angelielewa kabla hajaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Sikuwa nalo. Miaka iliyofuata tulizika vijana wengi, na msibani ugonjwa hatukuutaja jina. Tulisema homa, tulisema kifua, tulisema amerogwa.

Nikiusikiliza leo, naona tulichokiita utovu wa adabu kilikuwa adabu yenyewe. Soksi ni kificho. Remmy hakulitaja jambo kwa jina lake la hospitali wala kwa jina lake la uchochoroni. Alichukua vazi la mguuni, akalihamisha mahali, na ukumbi mzima ukafahamu. Mama mkwe na mkwewe waliweza kuusikia wimbo huo chumba kimoja, kila mmoja akijidai anafikiria viatu. Hivyo ndivyo fumbo lifanyavyo kazi katika ushairi wetu tangu enzi: husitiri aibu, hupitisha maana. Tulikuwa tukilisifu fumbo kwa marehemu wa karne nyingine, na lilipokuja kuokoa roho za jirani zetu hatukulitambua, kwa kuwa lilikuja na gitaa.

Kasoro anazo, na haki si kuzificha. Mara nyingi huurefusha wimbo kupita haja, na akishaacha kuimba akaanza kusema, huelekea kutufafanulia fumbo ambalo tumekwisha kulifumbua. Nyimbo zake bora ni zile anazojizuia. “Muziki Asili Yake Wapi” ni swali, na uzuri wake ni kubaki swali. “Kifo” ni malalamiko juu ya kifo kisicho na huruma, lakini magitaa yake yanakuinua kitini. Watu waliicheza huku wamefiwa. Hapo maana imo katika kule kukinzana kwa neno na mdundo, jambo ambalo karatasi pekee haiwezi kulionyesha.

Mimi ni mfasiri pia, na kasoro kubwa kuliko zote naiona kwenye safari yake ya Uingereza. Mwaka 1989 alirekodi huko, katika studio za Real World, albamu iliyopewa jina “Songs for the Poor Man”, yaani nyimbo za mtu maskini. Kwa jina hilo mnyonge amekuwa maskini, na hapo tumepunjwa. Maskini akipata fedha kesho, umaskini umekwisha. Mnyonge ni mtu asiye na wa kumsemea. Mjane mwenye mashamba huweza kuwa mnyonge mbele ya shemeji zake. Karani mwenye mshahara ni mnyonge mbele ya mkubwa wake. Kiingereza kilichukua mfuko mtupu kikaiacha shingo iliyonyongwa. Kisha mwaka 1992, katika albamu ya “Mambo”, Remmy mwenyewe aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, kama vile “One World” na “No Money, No Life”. Ujumbe ni ule ule na moyo ni ule ule, lakini kejeli imetoroka. Hana methali ya kuigeuza wala soksi ya kuivalisha maana. Amebaki na kauli nyoofu ambazo kila mwema ulimwenguni huzikubali na kuzisahau. Hapo ndipo nilipopata ushahidi wa hoja yangu ya mwanzo.

Wako watakaouliza: vina viko wapi, mizani iko wapi? Swali hilo tumeshalipigania vya kutosha tangu Kezilahabi alipotoa “Kichomi” mwaka 1974, na sitaki kulifufua. Nitawakumbusha tu wasomaji wa visiwani habari ya Siti binti Saad. Naye alianza kama mwimbaji, binti wa watu wa shamba, asiyesifiwa kwa uzuri wa sura. Naye aliimba habari za mahakama na dhuluma; wimbo wa “Kijiti” bado wakumbukwa, ambamo muuaji alitoroka na adhabu ikawaangukia mashahidi. Hakungoja cheti cha malenga. Ni Shaaban Robert, shaha wa vina na mizani, aliyeketi akaandika wasifu wake. Mkubwa yule aliona kilichotushinda sisi wadogo.

Mwishoni mwa maisha yake Remmy aliacha dansi akageukia nyimbo za Injili. Kituo kilichokuwa karibu na makazi yake hadi leo chaitwa Sinza kwa Remmy, na abiria hulitaja jina lake kila siku, wengine wakiwa hawajapata kusikia wimbo wake hata mmoja. Abdilatif Abdalla alitupa “Sauti ya Dhiki” mwaka 1973 kutokana na kifungo cha Kenya, nasi tukaifundisha madarasani, na tulistahili kufanya hivyo. Sijapata kumwona mwalimu akiiweka “Sauti ya Mnyonge” kando yake, akawauliza wanafunzi sauti hizi mbili zinaambizana nini. Walimu wanaosoma kurasa hizi nawaomba wajaribu, kwa kipindi kimoja tu, wakiwa na kitabu mkono mmoja na redio mkono wa pili. Fundi wa majahazi amekwisha kufariki, na jawabu la swali aliloniuliza karakanani nimelichelewesha zaidi ya miaka 30.