Mkono Unaosugua Elektrodi

Sisi wa upande wa Meru hatuhitaji kuambiwa kwamba maji yana siri. Floraidi ya miamba ya volkano imejiandika menoni mwetu. Mtu aliyekulia Maji ya Chai akicheka ugenini, hutambulika. Lakini floraidi ina uungwana wake, angalau huacha alama. Risasi haiachi, wala kadimiamu. Metali nzito hizi ni kama tembo asiyevunja hata kijiti: katika maji hazina rangi wala harufu, na mtoto anaweza kuzinywa miaka bila mtu kushtuka.

Ndiyo maana namsifu mpimaji wa maji. Chujio limekwisha kusifiwa: mwaka 2015 Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, alitwaa, kwa chujio lake la maji, tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Alistahili. Lakini nani atatuambia majini mna nini kabla ya kuchuja, na kimebaki nini baadaye?

Mtazame kazini. Ameshika elektrodi, kijiti ambacho ncha yake ni kidoa cheusi cha kaboni, kidogo kama punje ya mtama. Anaisugua kwenye kitambaa chenye unga wa alumina uliolowanishwa, akichora nane juu ya nane, mpaka ing'ae kama kioo. Kisha anadondosha tone lenye oksidi ya zinki, au ya chuma, ambayo ni ukoo mmoja na kutu ya mabati yetu, ila chembe zake ni ndogo hata elfu moja zingejipanga kwenye upana wa unywele. Ujanja uko katika udogo huo: kadiri chembe zinavyopungua ukubwa, ndivyo mahali pa metali kushika panavyoongezeka. Tone likikauka vibaya huacha pete pembeni na katikati patupu, kama chai iliyomwagika mezani. Hapo anafuta, anaanza upya.

Ikikubali, anaizamisha majini, anaipa umeme hasi, anangoja dakika mbili tatu. Metali zinanasa. Akipandisha volti, zinatoka kwa zamu: zinki, kadimiamu, risasi, shaba. Kila moja huchora kilima. Mahali kilipo panataja jina, kimo chake kinataja kiasi. Kikomo cha risasi cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja katika maboza kumi ya lita 10,000 kila moja. Kijiti kile huweza kuona hata kiasi hicho.

Jaroslav Heyrovský alianzisha ufundi wa namna hii Prague mwaka 1922 kwa matone ya zebaki, akapewa Nobel mwaka 1959. Sumu ndiyo iliyosaka sumu! Oksidi zinatupunguzia aibu hiyo.

Ila maabara si mto. Kwenye maji safi kila elektrodi ni hodari. Ipe maji ya mto Themi baada ya mvua, tope na uchafu vigande juu yake, uone kilima kinavyolala. Fundi hababaiki. Anatia katika maji yaleyale risasi kidogo ambayo kiasi chake anakijua, anaangalia kilima kimepanda vipi, ndipo anapiga hesabu. Mwenye haraka huandika namba ya kwanza aliyoiona.

Na wewe fundi betri unayesoma haya: betri ya gari ina kilo kadhaa za risasi. Maji yake usiyamwage mferejini.